Maoni ya wateja mtandaoni na hoteli tatu za samaki Dunga: shajara ya mradi

Hoteli tatu ndogo za samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu, zimekubali kufanyiwa kazi pamoja kwa nusu mwaka. Humu zinaitwa A, B na C. Zote zinauza ngege (tilapia) na mbuta (sangara), wa kukaanga au wa mchuzi, pamoja na ugali na mboga za kienyeji. Hakuna iliyo na tovuti, lakini zote ziko mtandaoni kwa sababu wateja wameziweka huko: pini (alama ya mahali) kwenye Ramani za Google, nyota, picha za sahani, video za TikTok, ubishi wa bei kule Facebook. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu na njaa yake huyatazama hayo kabla hajaita bodaboda. Mradi unatafuta ni kipi kati ya hayo kinacholeta watu, kipi kinawafukuza, na mwenye hoteli anaweza kufanya nini bila kudanganya mtu. Kila hatua inaandikwa inapokamilika, pamoja na pesa iliyotumika.

18 Januari 2025: Kukagua kilichopo

Tafuta jina la hoteli kwa kila tahajia ambayo wateja huitumia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukiwa umetoka kwenye akaunti yako. Simu inayokujua hukuonyesha majibu yaliyochujwa kwa ajili yako, si yale anayoyaona mgeni.

Hoteli A ilikutwa na pini mbili. Moja iliwekwa na mteja zamani na imesimama ndani ya maji, mita kadhaa kutoka ukingoni. Hoteli B ina pini sahihi yenye nyota nzuri, ila inasimamiwa na akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha ondoka, na simu iliyoandikwa ni yake. Hoteli C haina pini kabisa. Picha za samaki wake zimewekwa na wateja chini ya pini ya ufuo wenyewe, kwa hiyo sifa zake zinagawiwa majirani wote.

Jambo ambalo wenye hoteli hawakulitarajia ni picha ya menyu. Mteja wa Hoteli A aliipiga miaka iliyopita, bei zikiwa chini sana, na ndiyo inayotazamwa kwanza. Watu hufika na simu mkononi, wanaonyesha bei ile, wanabishana na mhudumu, kisha wengine wanakwenda kuandika kwamba hoteli inawaibia. Mwenye hoteli amekuwa akiadhibiwa kwa tangazo ambalo hakulitoa. Ndiyo maana ukaguzi usiishie kwenye nyota. Mahali pini ilipo, saa za kufungua, namba ya simu na picha za menyu navyo vinaweza kuwekwa au kubadilishwa na mtumiaji yeyote, na vinaumiza biashara kimyakimya kuliko maoni makali.

1 Februari 2025: Pini na umiliki

Hoteli B: bonyeza kiungo cha kudai biashara, kisha omba umiliki. Google humpa anayeshikilia akaunti siku 3 za kujibu. Mfanyakazi wa zamani alikubali, mambo yakaisha. Namba ikabadilishwa siku hiyohiyo. Sasa akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya hoteli, mwenye hoteli ndiye mmiliki mkuu, na mhudumu wa kaunta ameongezwa kama meneja. Akiondoka, anaondolewa kwa kubonyeza mara moja. Nenosiri halipewi mtu.

Hoteli A: hapa palitokea kosa lililogharimu wikendi nzima. Ili kuondoa pini ya majini, mtu wa hoteli alipendekeza mabadiliko na kuchagua kwamba mahali pale pamefungwa kabisa. Google ikakubali. Kuanzia Ijumaa, aliyetafuta jina la hoteli alikuta maandishi mekundu kwamba imefungwa kabisa, na yale ndiyo waliyoyaamini hata wateja waliokuwa wakiijua. Kwa pini iliyorudiwa, chaguo sahihi ni lile linalosema mahali hapa ni nakala ya pengine, kisha unaonyesha pini iliyo sahihi. Pini mbili za mahali pamoja zikiunganishwa na Google, maoni ya ile ya zamani yanaweza kuhamia kwenye mpya. Ukiifunga, maoni yanabaki huko peke yake.

Picha ya menyu ya zamani iliripotiwa ikabaki palepale, kwa sababu haivunji kanuni yoyote. Mwenye biashara hawezi kufuta picha ya mteja kwa kuwa tu imepitwa na wakati. Kilichosaidia ni kuizidi nguvu: ubao mpya wa bei ukutani (Sh1,800) wenye mwezi na mwaka kwenye kona ya juu, picha yake ikapandishwa na hoteli, na wateja wa kila siku wakaombwa waupige na kuupandisha wao pia. Bei inapobadilika, tarehe inabadilishwa na picha inapandishwa upya. Sasa anayeshika picha ya zamani anajibiwa kwa kuonyeshwa tarehe, na ubishi unaisha pale pale kaunta.

15 Februari 2025: Kuthibitisha Hoteli C

Pini mpya huthibitishwa zaidi kwa video. Irekodiwe kwa simu, moja kwa moja bila kukatwa, isipungue sekunde 30, na ionyeshe vitu vitatu: mahali (barabara au majengo ya jirani), biashara yenyewe na jina lake, na ushahidi kwamba anayerekodi ana mamlaka pale, kwa mfano kufungua jiko au droo ya pesa.

Video ya kwanza ilikataliwa. Hoteli haikuwa na kibao. Jina lilikuwa kwenye stika ya till (namba ya kulipia kwa M-Pesa) pekee, na jina la stika lilikuwa la mwenye hoteli, si la hoteli. Kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi kiligharimu Sh2,500. Video ya pili ilianzia barabarani, ikapita kwenye kibao, ikaingia jikoni, ikaishia kwenye leseni ya biashara ya kaunti iliyotundikwa ukutani, jina likisomeka sawasawa na la kwenye pini. Namba ya kitambulisho isionekane. Google hutoa hadi siku 5 za kazi kwa jibu. Lilikuja ndani ya muda huo. Bando zote za hatua hizi, kwa hoteli tatu, Sh600.

8 Machi 2025: Kuomba maoni

Ndani ya akaunti ya biashara kuna kiungo na msimbo wa QR unaompeleka mteja moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuandika maoni. Ilionekana kazi nyepesi, lakini awamu ya kwanza ilikufa yote.

Kadi 12 za ukubwa wa A5, zilizopigwa laminesheni, ziliwekwa mezani kwa Sh600. Laminesheni inayong'aa inarudisha jua la ziwani kwenye kamera na simu haisomi kitu. Msimbo wenyewe ulikuwa na upana wa sentimita 2, katikati ya maua na rangi. Mafuta ya samaki yakafanya yaliyobaki. Na hata uliposomeka, ulisomwa wakati mbaya: mteja anaskani akisubiri chakula, hajala, ana njaa, na alicho nacho cha kuandika ni kwamba anasubiri.

Awamu ya pili: stika 15 za plastiki isiyong'aa, sentimita 10 kwa 10, msimbo mweusi juu ya nyeupe wenye upana wa sentimita 6, Sh80 kila moja, jumla Sh1,200. Zimebandikwa kaunta, kando ya namba ya till, na mlangoni pa kutokea. Mteja yuko tayari na simu mkononi, amekwisha kula, na dakika anayongoja ujumbe wa M-Pesa ndiyo dakika ya kuandika. Mhudumu anasema sentensi moja tu: "Karibu tena. Ukipata nafasi, andika ulivyoona chakula na huduma, kizuri au kibaya." Maneno "au kibaya" yasiondolewe. Kuwaomba waliofurahi peke yao ni kinyume cha kanuni za Google, na pia kunaficha kile mwenye hoteli anachokihitaji zaidi.

Wazo la kutuma kiungo kwa namba za waliolipa kwa M-Pesa lilikataliwa. Mtu aliyelipa samaki hajakubali kutumiwa matangazo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara. Anayetaka kiungo anaanza yeye kuandika kwenye WhatsApp ya hoteli.

22 Machi 2025: Soda

Hoteli B ilianza kutoa soda kwa kila aliyeonyesha nyota tano. Nyota ziliongezeka haraka, kisha baadhi ya maoni yakatoweka, yakiwemo machache ambayo hayakuhusiana na soda. Google inakataza kutoa kitu chochote ili upate maoni, au ili mtu abadilishe aliyoandika. Nyota tano nyingi zilizokuja pamoja bila maneno zilitia shaka hata kwa wasomaji. Mteja mmoja aliandika wazi kwamba alipewa soda.

Imesimamishwa. Maoni ya ndugu wa mwenye hoteli na ya wafanyakazi nayo yameondolewa na walioyaandika. Duniani kote sheria zinakaza upande huu: Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho dhidi ya maoni ya uongo na ya kununuliwa ilianza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024. Msukumo wa kudanganya una sababu yake inayojulikana. Utafiti wa Michael Luca wa Harvard Business School, wa 2011, ulitazama mikahawa ya Seattle, Marekani, na maoni yake ya Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, ukaona kwamba nyota moja zaidi inaambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo liliihusu mikahawa inayojitegemea. Yenye majina makubwa ya matawi mengi haikuguswa, kwa kuwa mteja tayari anajua atakachokikuta. Hoteli za Dunga zote ni za kujitegemea. Asilimia zile ni za Seattle na zisibebwe kuja hapa kama zilivyo, lakini sababu inafanana: mgeni hana njia nyingine ya kujua.

12 Aprili 2025: Kujibu

Mtu mmoja katika kila hoteli anajibu, ndani ya siku mbili, kwa lugha iliyotumiwa na mteja. Kijaluo kinajibiwa kwa Kijaluo.

Jibu lililoiharibia Hoteli A jina ni hili, kwa mteja aliyelalamika samaki alikuwa mbichi katikati: "Ulikuja umelewa na wenzako wanne mkakaa saa tatu na soda mbili. Usirudi." Lilipigwa picha ya skrini, likasambaa Facebook, na waliokuja kuandika baada ya hapo hawakuwahi kula pale. Lalamiko la samaki mbichi lilisahaulika. Kilichobaki ni tabia ya mwenye hoteli. Zaidi ya matusi, jibu lile lilianika mteja alikuja na nani na alikunywa nini.

Lilifutwa, likaandikwa hili: "Ndugu mteja, pole kwa samaki ambaye hakuiva. Samaki wa zaidi ya nusu kilo sasa tunamchanja mikato mitatu kila upande na kumkaanga kwa moto wa wastani hadi mfupa uachie nyama. Ukija tena, muulize mhudumu akuonyeshe kabla hajaletwa mezani." Mteja hakubadilisha nyota zake. Lakini jibu halisomwi naye peke yake. Linasomwa na kila anayefikiria kuja, na huyo sasa anajua kwamba jiko linasikia.

Muundo unaofanya kazi ni mfupi: taja kosa kwa jina lake, sema kilichobadilika, ishia hapo. "Tunasikitika kwa usumbufu" likirudiwa chini ya kila lalamiko ni sawa na kutojibu. Kama hakuna kilichobadilika, badilisha kwanza ndipo ujibu.

Maoni ya uongo yapo. Hoteli C ilipewa nyota moja kwa piza iliyoungua, na haijawahi kuuza piza. Yaliripotiwa kama yasiyohusu mahali hapa na yakaondolewa. Mengine ya nyota moja bila maneno yaliripotiwa, yakakataliwa, na rufaa, ambayo ni moja tu, ikakataliwa pia. Nyota bila maneno ni ngumu kuondoa. Usipoteze mwezi juu yake.

3 Mei 2025: Daftari la malalamiko

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha mauzo kuliko zote, na vifaa vyake ni daftari na kalamu, Sh150.

Kila maoni, ya Google, ya TikTok, hata ya kikundi cha Facebook, yanaingizwa mstari mmoja: tarehe, nyota, na lalamiko kwa neno moja. Kusubiri. Bei. Chumvi. Nzi. Choo. Maji ya kunawa. Baada ya kurasa chache umbo linaonekana. Katika hoteli zote tatu, "kusubiri" ilizidi mengine kwa mbali, na mara nyingi mteja aliyesubiri alisifu samaki katika sentensi inayofuata. Chakula hakikuwa tatizo.

Samaki wa kukaangwa papo kwa papo anachukua dakika 25 hadi 40 kutegemea ukubwa na idadi iliyo mbele. Kilichofanywa: samaki wanapaliwa magamba, wanachanjwa na kutiwa chumvi asubuhi, kisha wanakaa kwenye barafu hadi waagizwe, karai na jiko la pili vikanunuliwa kwa Hoteli A, Sh4,800, na mhudumu anataja dakika wakati wa kuagiza, akiongeza tano juu ya anachokadiria. La mwisho halina gharama na ndilo lililopunguza malalamiko kwa kasi zaidi. Aliyeambiwa dakika 35 na akaletewa kwa 30 haandiki habari ya kusubiri.

Maji ya kunawa: ndoo mbili zenye bomba, za A na C, Sh1,300 kila moja. Maji yawe vuguvugu, kwa maana maji baridi hayatoi mafuta ya samaki mkononi.

Wenye hoteli walitaka kujua kwa nini nyota moja inawashusha sana na hoteli kubwa za mjini hazitikisiki. Ni hesabu. Hoteli yenye maoni 20 na wastani wa 4.2 ina jumla ya nyota 84. Maoni ya nyota moja yakiongezwa, zinakuwa nyota 85 kwa maoni 21, wastani 4.048, na kwenye simu inasomeka 4.0. Hoteli yenye maoni 200 na wastani uleule inashuka hadi 4.18, inayosomeka 4.2 kama jana. Ile ndogo inahitaji maoni manne ya nyota tano ili irudi 4.2 kamili. Kwa hiyo kinga dhidi ya maoni ya chuki ni wingi wa maoni ya kweli, na wingi huo unakuja kwa kuomba kila siku, kila mteja.

24 Mei 2025: "Huyu ni wa China?"

Swali hili liko chini ya karibu kila video ya samaki Kisumu. Kenya huagiza tilapia waliogandishwa kutoka China, bei yao huwa chini, na mteja aliyesafiri hadi ziwani anahisi ameibiwa akiletewa huyo. Uvumi mmoja usiojibiwa unaweza kutupia doa ufuo mzima.

Hoteli B ilijibu kwa maneno tu, "samaki wetu ni wa ziwa", na ubishi ukaongezeka. Wavuvi na wachuuzi wanaojua samaki waliingia wakasema walioonekana kwenye video ni wa vizimba. Walikuwa sahihi. Samaki wa kizimba amefugwa ndani ya Ziwa Victoria kwa chakula cha kutengenezwa. Si wa China, lakini pia si yule aliyevuliwa kwa wavu, na wenyeji wanawatofautisha kwa ladha na mafuta.

Sasa ubao una mistari miwili yenye bei mbili: ngege wa wavu na ngege wa kizimba. Kila asubuhi inapigwa picha ya samaki wakipimwa kwenye mizani ufukoni, inawekwa mtandaoni na tarehe, na swali likija linajibiwa kwa picha hiyo. Siku ambayo wa wavu hawakupatikana, inaandikwa hawakupatikana. Kumwambia mteja bidhaa ina asili isiyo nayo ni jambo linaloguswa na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na zaidi ya sheria, Dunga haina cha kuuza isipokuwa imani kwamba samaki wake ni kile kinachosemwa. Tangu hapo wateja wenyewe wamekuwa wakiwajibu wanaouliza, na neno lao lina uzito kuliko la hoteli.

14 Juni 2025: Picha na video za wateja

Picha ya mteja ni mali ya aliyeipiga. Kuitoa kwenye ukurasa wake na kuitumia kama tangazo kunahitaji ruhusa yake, na kama kuna watu wanaotambulika ndani, ridhaa yao pia. Hili si la nadharia: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Ujumbe unaotumika: "Habari yako. Asante kwa picha uliyoipiga kwetu leo. Tunaomba ruhusa kuiweka kwenye ukurasa wetu wa Facebook na Google, tukitaja jina lako ukipenda. Ukitaka iondolewe siku yoyote, tuambie tutaiondoa." Jibu linahifadhiwa. Picha yenye mtoto haitumiki hata ikipendeza.

Video mbili zilizorudishwa TikTok kwa ruhusa zilinyamazishwa sauti. Akaunti ya biashara hairuhusiwi kutumia kila wimbo. Ina maktaba yake ya muziki. Mwombe mteja video asilia kabla hajaweka wimbo, utumie sauti ya mafuta na ya mawimbi.

Hoteli B ililipa Sh8,000 kwa video ya mtu mwenye wafuasi wengi. Ilitazamwa sana. Jumamosi iliyofuata meza zilijaa kufikia saa saba, samaki wakaisha saa tisa, na waliotoka mbali wakaandika hasira zao usiku huohuo. B haikuwa na jiko la pili wala akiba ya barafu ya kutosha. Video ya kulipiwa ije baada ya jiko kuweza kubeba watu mara mbili ya kawaida, na siku ya kuitoa iwe Jumatatu au Jumanne, ili msukumo ugawanyike katika wiki.

12 Julai 2025: Hesabu ya hadi sasa

Jumla kwa hoteli tatu ni Sh22,250. Zilizopotea ni Sh600 za kadi za laminesheni na Sh8,000 za video. Sh7,400 za karai, jiko na ndoo ndizo zilizorudi haraka zaidi, ingawa hazikununua kitu chochote cha mtandaoni.

Kipimo kinachotumika ni swali la kaunta, "mlitujuaje?", na alama moja kwenye daftari: ramani, video, rafiki, kupita tu. Takwimu za akaunti ya Google zinaonyesha waliopiga simu na walioomba njia, lakini aliyeomba njia si lazima alifika. Linganisha Jumamosi na Jumamosi, usilinganishe mwezi wa shule kufungwa na mwezi wa karo.

Kinachoendelea: Hoteli B inanunua jiko la pili. Hoteli A inapandisha ubao wa bei wa Julai. Hoteli C bado inapoteza picha zinazowekwa chini ya pini ya ufuo, na jaribio linalofuata ni kuandika jina la hoteli kwenye ukingo wa sinia zenyewe, ili lionekane ndani ya kila picha popote itakapowekwa. Fundi wa kuchora kwenye chuma ametaja Sh120 kwa sinia. Ataanza na sinia kumi.